Maswali ya wasomaji: plagi ya dhahabu, plagi ya rodiamu na masikio yetu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, nikasema plagi ya umeme ya dhahabu ya kuchovya haiongezi utamu wa muziki, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko za mada yenyewe ya siku ile, nyingine za kuuliza, nyingine za kunisema, na moja imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Nimechagua tano, nimezipunguza kidogo, na majina ni yale wenyewe waliyojipa.

MKAA SEBULENI ANAULIZA

Fundi habari za kazi. Nina ampu (amplifaya) moja na spika mbili za kusimama, na mziki naupenda kuliko nilivyo tayari kukiri mbele za watu. Juzi nimenunua waya wa umeme wa ampu, mnene kama mpini wa jembe, plagi zake zimechovywa rodiamu, ile metali nyeupe. Jamaa yangu ambaye ndo kanifundisha mambo yote haya kaniambia nimechemsha, eti rodiamu inatoa sauti kali na wazi sana huku juu, dhahabu ndo inaleta utamu na besi yenye joto, na fedha inang'arisha sauti ya mwimbaji. Nibadilishe? Na kama hakuna tofauti mbona watu wote wanasema ipo?

JIBU

Mkuu, hebu irudie hiyo orodha ya jamaa yako taratibu. Dhahabu ina rangi ya joto, basi sauti yake ina joto. Fedha inang'aa, na sauti inang'aa. Rodiamu ni nyeupe, baridi kama kioo, na sauti yake nayo baridi inachoma. Yaani mtu kaiangalia plagi halafu kaieleza rangi yake kwa maneno ya sauti. Tena ingekuwa rangi ndo inaamua, rodiamu ingetakiwa iimbe nyimbo za mapenzi tupu, maana aliyeigundua mwaka 1804, William Hyde Wollaston, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki la waridi kwa sababu chumvi zake zina rangi ya waridi. Hilo nalo mbona hakuna anayelisikia kwenye spika.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Mchovyo mzuri wa dhahabu una unene wa kama maikroni moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na ule wa kurembesha tu wakati mwingine hata maikroni 0.1 haufiki, wakati unywele wa kichwani kwako una kama 70. Chini ya hiyo dhahabu kwa kawaida kuna tabaka la nikeli, limewekwa ili shaba ya chini isijipenyeze taratibu mpaka juu, na chini ya nikeli ndo mwili wa pini wenyewe ambao mara nyingi ni brasi, ile shaba ya njano ya kwenye makufuli. Kwa hiyo hata ukinunua "plagi ya dhahabu" umeme wako unapita kwenye nikeli na brasi vilevile, dhahabu unaivuka tu kama mtu anavyovuka kizingiti cha mlango. Haulali humo.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui, dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Ukipima ukinzani, yaani kitu kinavyouzuia umeme, kwa mikroomu-sentimita (namba ndogo ndo nzuri), fedha ni kama 1.6, shaba 1.7, dhahabu 2.4, rodiamu inakaribia 4.5, brasi ipo kwenye 6 hadi 7 na nikeli kama 7. Haya, chukua doa la mgusano la milimita moja ya mraba, livike mchovyo wa maikroni moja. Omu moja, ambayo ndo kipimo cha ukinzani, ukiigawa vipande bilioni moja, dhahabu hapo inakupa vipande 24, rodiamu 45. Tofauti ni vipande 21 kati ya bilioni, ndo hivyo tunavyogombania. Sasa fuata ule waya uliomo ndani ya ukuta, tuseme ni wa milimita 2.5 za mraba na kutoka kwenye boksi la fyuzi mpaka soketi ni mita 10, kwenda na kurudi 20, hapo una omu 0.14. Hiyo ni zaidi ya mara milioni 6 ya ugomvi wetu, na bado hatujatoka nje kwenye mita, nguzo na transfoma ya mtaani.

Kwa hiyo mchovyo ni urembo tu? Hapana, una kazi, tena kazi nzuri, ila sio ya sauti. Zima ampu, chomoa plagi, ilete chini ya taa uigeuze pole pole. Kwenye kila pini utaona mistari miwili mitatu myembamba ya kukwaruzwa, pale ambapo ulimi wa springi ndani ya soketi unaisugua. Hiyo mistari ndo inayofanya kazi, sehemu nyingine yote ya pini inang'aa bure. Na hata kwenye mstari wenyewe metali hazigusani uso mzima, ukizikuza ni kama umeupindua mlima mmoja juu ya mwingine, zinagusana vileleni tu, na umeme wote inabidi ujibane upite kwenye hivyo vilele. Mwanafizikia Ragnar Holm alitumia miaka mingi ya maisha yake kwenye jambo hili moja, namna metali mbili zinavyogusana. Ukinzani halisi wa plagi unazaliwa hapo kwenye kubanana, unaweza kuwa milioomu kadhaa (sehemu za elfu za omu), yaani mara laki mbili hivi ya ule wa mchovyo, na vinavyouamua ni springi inabana kiasi gani, metali ni laini au ngumu kiasi gani, na kuna utando gani umekaa juu yake.

Hapo kwenye utando ndo mchovyo unafanya kazi uliyolipiwa. Dhahabu haishiki kutu hata uiache miaka. Fedha inapitisha umeme kuliko zote ila ikikutana na salfa ya hewani inakuwa nyeusi, ingawa weusi wake ni laini na springi ikibana sawasawa unapasuka. Nikeli inajivika oksaidi ngumu, yenyewe inataka springi yenye nguvu. Bati, namaanisha metali ya tin na sio la kuezekea, ni rahisi na laini, likiwa jipya linagusana vizuri tu, lakini likitikisika-tikisika muda mrefu linajisaga na kuzalisha unga mweusi unaozuia umeme. Rodiamu ni ngumu kupita dhahabu mbali sana, haichubuki, ndo maana wanaiweka kwenye vile viswichi vya ndani ya kioo vinavyofunguka na kufunga mamilioni ya mara. Ila ugumu huo huo unafanya vilele visibonyee, kwa hiyo springi ile ile ukiipa rodiamu unapata eneo dogo la kugusana kuliko ukiipa dhahabu. Kila moja ina tabia yake bwana, na kwenye tabia zote hizo sijaona hata moja inayoitwa joto au utamu.

Halafu kuna upande wa pili ambao kila mtu anausahau. Plagi yako ya rodiamu inachomekwa wapi? Kwenye soketi ya ukutani ambayo ndani yake ni brasi tupu au brasi yenye nikeli, iliyowekwa na fundi umeme ambaye hata hakujua utakuja kununua ampu. Umevalisha suti mtu mmoja wa wawili wanaopeana mkono.

Tumalizie na ampu. Muziki haupiti kwenye waya wa umeme, hili ndo watu linawapiga chenga. Kinachopita ni volti 230, au 120 kutegemea uko nchi gani, zinapanda na kushuka mara 50 au 60 kwa sekunde, zinaingia transfoma, zinapita dayodi zinazoufanya umeme uende upande mmoja tu, zinajaza kapasita kubwa zinazohifadhi umeme, na ni kutoka kwenye hizo kapasita ndo ampu inachota cha kupeleka kwenye spika. Ni kama tangi la maji, wewe unaoga maji ya tangi, bomba lililolijaza lilikuwa la rangi gani haikuhusu. Tuseme plagi mbovu kidogo imekuongezea milioomu 5 na ampu inavuta amperi 2, umepoteza milivolti 10 kati ya volti 230. Tuwe wakali zaidi, maana dayodi zinavuta umeme kwa mikupuo mifupi pale kwenye kilele cha wimbi, mkupuo tuupe amperi 10, basi ni milivolti 50. Wakati huo huo kwenye nchi nyingi za volti 230 umeme unaruhusiwa kucheza kuanzia 207 hadi 253, na friji likistuka tu kuanza kazi volti nzima nzima zinaondoka. Aliyetengeneza ampu yako aliyajua hayo kabla hujazaliwa.

Usibadilishe. Waya kama unabana vizuri uache hapo hapo ulipo. Kuhusu "watu wote wanasema", huyu anayefuata ni mmoja wao, tena kanijia juu.

MASIKIO HAYADANGANYI ANASEMA

FUNDI WEWE UNAONGEA VITABU. MIMI NASIKILIZA MZIKI MIAKA 20. NIMETOA PLAGI YA KAWAIDA NIKAWEKA YA DHAHABU, BESI IKAKAZA, SAUTI IKAFUNGUKA, NA MKE WANGU ALIYEKUWA JIKONI AKAULIZA UMEFANYA NINI LEO. HILO UTALIELEZAJE KWA HESABU ZAKO?

JIBU

Kaka, huyu mke wa jikoni mimi namjua siku nyingi. Kila anayebadilisha waya, popote duniani, mke wake anakuwa jikoni na anasikia. Nina mashaka ni mtu mmoja anazunguka nyumba zote.

Utani pembeni. Nakuamini kwamba ulisikia, sina sababu ya kukuita muongo, kwa sababu na mimi yalinikuta. Nilipata waya wenye plagi za rodiamu kwenye boksi lenye velveti ndani kama la pete ya uchumba, nikachomeka, nikakaa chini, na mziki ulikuwa mwingine kabisa aisee. Nilikaa mpaka saa nane usiku narudia nyimbo zile zile. Kulikuwa na kimlio fulani cha tik, tik, kilichokuwa kinatokea spika ya kushoto mtu akitembea sebuleni, nacho kikawa kimekufa. Nikaanza kumhubiria kila mtu. Wiki mbili baadaye kaja mwenzangu, nikataka nimwoneshe tofauti, nikarudisha waya wa zamani. Nikasubiri besi ilegee. Haikulegea. Kitu pekee kilichorudi ni ile tik, tik.

Ndo nikachukua tochi nikaingia nyuma ya ampu. Waya wa zamani ukiuchomeka ulikuwa unacheza, ukiugusa kwa kidole unainama kama jino la mtoto linalotaka kutoka, zile springi zake ndani zilikuwa zimepanuka. Kwa hiyo mtu akitembea sakafu inatikisika, mgusano unakatika kidogo na kurudi, cheche inatokea, spika inasema tik. Waya mpya ulikuwa unabana. Nikaenda kutafuta waya wa kawaida kabisa, mweusi, hauna jina, pini zake nikeli ya kawaida, ila unabana mpaka unautoa kwa mikono miwili. Tik imekufa vilevile. Basi kilichoniponya ni kubana, rodiamu ilipewa sifa za mwenzie. Na ile besi iliyokaza niliitengeneza mwenyewe kichwani, kwa msaada wa velveti.

Kuna na mambo mengine yanayompata kila anayebadilisha waya na hayahesabu. Ukichomoa na kuchomeka umeshasugua pini, utando umeondoka, hata ungerudisha plagi ile ile. Umezima ampu na kuiwasha. Umekaa kusikiliza kwa makini wakati jana ulikuwa unaongea na simu huku mziki unapiga. Na kubwa kuliko yote ni sauti kupanda kidogo, kitufe umekigusa wakati unajipinda nyuma ya meza, ikapanda nusu desibeli (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sasa nusu desibeli mtu haisikii kama kelele imeongezeka, anaisikia kama mziki umekuwa mzuri. Wanaopima kwa uangalifu wanasawazisha mpaka ndani ya desibeli 0.1 kwa sababu hiyo.

Sasa usiniamini mimi, jipime. Tafuta nyaya mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa mchovyo, unene ule ule, urefu ule ule, kubana kule kule. Mtu mwingine awe nyuma ya ampu na sarafu, arushe, kichwa anachomeka huu, mwenge ule, wewe huoni na yeye hasemi kitu, hata kukohoa asikohoe. Kitufe cha sauti kipige selotepu. Andika jibu kila mara, fanya mara 16. Ukipata 8 au 9 umebahatisha kama sarafu yenyewe. Ukipata 12 na kuendelea naanza kukusikiliza kwa heshima, kwa sababu mtu anayekisia tu anafika hapo chini ya mara 4 katika kila 100. Upimaji wa namna hii sio wa jana, Munson na Gardner wa maabara za simu za Bell za Marekani walieleza mfano wake mwaka 1950, na mwaka 2004 kundi la wapenzi wa muziki wa eneo la San Francisco walikaa na waya wa umeme wa bei mbaya na mwingine wa kawaida bila kujua upi umechomekwa. Majibu 149, sahihi 73.

Nikupe na silaha ya kunipiga nayo, maana iko haki. Waya wa umeme haubadilishwi kwa kubonyeza, lazima uzime, uchomoe, uwashe, inapita dakika nzima, na kumbukumbu ya sauti ndogo ndogo kichwani haikai hata hiyo dakika. Kwa hiyo ukishindwa unaweza kusema tofauti ilikuwepo ila umeisahau. Sawa. Lakini basi na ile besi iliyokaza siku ya kwanza uliilinganisha na nini? Ulikuwa na muda ule ule wa kusahau.

KITINDAMIMBA ANAULIZA

Shikamoo fundi. Nina miaka 19, nimerithi redio ya babu na inapiga vizuri, ila pini za plagi yake zimekuwa nyeusi. Nisugue na msasa mpaka zing'ae ndo sauti iwe safi? Au ninunue ya dhahabu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Weka msasa chini. Msasa unaondoa weusi na mchovyo wote kwa pamoja, halafu unaacha brasi iliyochimbika michirizi, na kwenye hiyo michirizi uchafu unapata pa kukaa, baada ya miezi itakuwa nyeusi kuliko sasa. Chomoa pande zote mbili kama waya unatoka nyuma ya redio, chukua kitambaa kisichotoa manyoya, weka spiriti kidogo, sugua mpaka kitambaa kiache kuchafuka, acha pakauke kabisa. Kisha chomeka na kuchomoa mara tano sita, redio ikiwa imezimwa na swichi ya soketi imezimwa, springi yenyewe itamalizia usafi pale penye kazi. Basi.

Lakini kwanza niambie weusi gani. Kuna weusi wa uzee, umeenea pini nzima, ni laini, unatoka. Na kuna weusi wa kuungua, uko sehemu moja, pembeni yake plastiki imekuwa kahawia au imevimba, na ukinusa kuna harufu ya kuungua ambayo haifanani na kitu kingine. Huo haufutwi, plagi hiyo inatupwa na soketi iliyokuwa imeibeba inabadilishwa pia, vinginevyo itaiharibu na mpya. Mgusano uliolegea ukafikia omu 0.1, na kifaa kinachovuta amperi 8 kikapita hapo, unapata wati 6.4 za joto kwenye kidoa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, zinaipika plastiki kila siku mpaka siku inawaka. Redio ya babu haivuti hivyo, ila soketi haichagui mgeni, kesho utachomeka pasi hapo hapo. Kila baada ya saa moja ya kusikiliza gusa mwili wa plagi kwa nje. Vuguvugu kidogo sio mbaya. Ya moto, chomoa uite fundi umeme.

Dhahabu huhitaji.

SABUFA INAKOROMA ANAULIZA

Mkuu habari. Sabufa yangu inanguruma mmmmm hata mziki ukiwa umesimama. Fundi wa kwanza kasema plagi yake ya umeme ni ya kawaida sana niweke ya dhahabu. Wa pili kasema nikate pini ya ethi. Nimfuate nani?

JIBU

Wa pili asiingie tena kwako. Pini ya ethi ipo ili siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya sabufa, umeme upite ardhini na fyuzi ikate. Ukiikata, hiyo siku bodi inabaki na volti zote inamsubiri wa kwanza kuigusa. Muungurumo unaudhi, lakini hauui mtu.

Wa kwanza hana hatia sana, kakosea tu mlango. Angalia kinachotokea. Ampu ina ethi yake, sabufa ina ethi yake, mara nyingine kwenye soketi mbili tofauti kona mbili za chumba, halafu wewe umeziunganisha tena kwa waya wa RCA, ule wa kupeleka muziki kutoka kifaa kimoja hadi kingine, ambao ganda lake la nje limeshika bodi zote mbili. Umechora duara. Kati ya ethi mbili hakukosi kuwa na milivolti kadhaa, basi kamkondo ka umeme kanazunguka humo kwa kupitia ganda la RCA, na shida ni kwamba ganda hilo hilo ndo njia ya kurudia ya mawimbi ya muziki. Sabufa haiwezi kutofautisha, inaukuza wote, na kwa kuwa muungurumo wa hezi 50 au 60 ni besi, umeupeleka kwa mtaalamu wake kabisa.

Fanya hivi leo jioni. Chomoa RCA upande wa sabufa, sabufa yenyewe iache ikiwa imewashwa. Kimya? Basi ni duara, sabufa ni nzima. Chomeka ampu na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye ethi, mara nyingi nusu ya safari inaishia hapo. Bado? Chomoa waya wa antena nyuma ya tivii au dishi kama tivii imeungwa na ampu, maana huo nao una ethi yake huko nje, na watu wengi mwizi wao yuko hapo. Bado tena? Tafuta katransfoma ka kutenganisha ka kuweka kwenye waya wa RCA, kanapitisha muziki na kukata duara bila kugusa ethi ya umeme. Na kama vifaa vyako ni vya pini mbili tu visivyo na ethi, na plagi inaweza kuingia kote kote, igeuze usikilize, wakati mwingine inapungua.

Halafu tikisa kidogo plagi ya sabufa kwa mwili wake wa plastiki, bila kuichomoa. Muungurumo ukibadilika unapotikisa, pini ya ethi haigusi vizuri, imelegea au ina utando. Hapa, na kwenye ile tik, tik yangu ya plagi iliyolegea, nakubali kwamba mgusano wa plagi ya umeme unasikika kwenye spika. Dawa yake ni spiriti na soketi inayobana, nikeli ya kawaida inatosha.

WAYA MWEMBAMBA ANAULIZA

Kwa hiyo fundi na plagi za RCA za dhahabu nazo ni ulaghai?

JIBU

Hapana, hizo usizichanganye na za umeme. Kwenye plagi ya ukutani kuna volti 120 au 230 zinazotoboa utando mwembamba bila kuuliza. Kwenye RCA kutoka kwenye pleya ya CD kuna volti 2 hivi, na mkondo wake kwenye ingizo la ampu lenye ukinzani wa kiloomu 10 ni miliamperi 0.2 tu, na kama ni sindano ya sahani za santuri, zile za koili inayocheza, unaongelea sehemu ndogo tu ya milivolti moja. Mkondo mdogo hivyo ukikuta utando hauna nguvu ya kuupasua, unapita kwa kusuasua, na ndo unapata mkwaruzo, au upande mmoja unapotea mpaka upige meza ngumi. Hapo metali isiyoshika kutu ina maana kamili.

Ila angalia upande wa pili umevaa nini kabla hujanunua. Dhahabu ichomekwe kwenye dhahabu. Dhahabu ikisuguana na bati inalichokonoa, ule unga wa oksaidi wa bati unahamia juu ya dhahabu na unabaki na mgusano mbaya kuliko bati kwa bati. Kama redio yako ni ya zamani na matundu yake yote ya nyuma ni meupe ya bati, nunua nyaya za bati au nikeli zinazobana, na kila baada ya miezi michache zungusha kila plagi nusu duara ndani ya tundu lake, ampu ikiwa imezimwa.